Siti ya Guka Imekwama: Historia ya Grisi Kutoka Lamu Hadi Mbotela

Kwa korido ya shosho wangu pale Mbotela kuna Black Mamba imeegemea ukuta tangu 2013, mwaka ambao guka alituacha. Mmeziona hizi baiskeli. Nyeusi, nzito kama geti, breki za vyuma badala ya waya, na kerio nyuma ya kubeba hata gunia la viazi. Guka aliendesha hiyo baike miaka na mikaka kati ya nyumbani na kiwanda kimoja huko Industrial Area, jua liwake, mvua inyeshe. Majuzi nauli imepanda tena, nikasema basi, hii kitu narudisha barabarani.

Shida ni moja. Guka alikuwa mrefu. Mimi, wale mnanijua mnajua, nikisimama stage makanga huniuliza kama nalipa nusu. Siti iko pale juu alipoiacha, na haishuki.

Fundi wa kwanza alikuja na nyundo. Alipiga hiyo siti kutoka chini mpaka springi moja ikaruka ikaingia kwa jirani, halafu akasema imeshikana na fremu, tukate tu. Wa pili alitaka kuichoma na gesi. Shosho akatoka jikoni na mwiko mkononi akamwambia hakuna mtu ataichoma rangi ya mzee wake, aende achome ya kwao. Wa tatu ni mzee fulani ambaye hutengeneza baiskeli chini ya mti karibu na Jogoo Road. Huyu hakugusa chochote. Aliinama, akaangalia pale paipu ya siti inapoingilia fremu, akaniuliza: "Msichana wangu, mwenyewe aliwahi kupaka grisi hapa?"

Sikujua. Shosho pia hakujua. Na hilo swali likanishika mpaka nikakaa wiki mbili nikisoma mambo ya grisi kama mtu ana mtihani. Nilichopata ndicho naandika leo, kwa sababu nimegundua kitu. Huku mtaani kila kitu kwenye baiskeli tunakitibu na neno moja, "weka mafuta." Cheni inalia? Weka mafuta. Pedali imegoma? Weka mafuta. Na mafuta yenyewe ni ile oili chafu imetolewa kwa pikipiki. Watu husema ni ujinga wa mafundi wetu. Mimi nabisha. Kuna historia hapo, na baiskeli yenyewe ndiyo ilikuja ikitufundisha hivyo.

Tuanze na kwa nini siti inakwama, ndio tuelewane.

Paipu ya siti inaingia ndani ya paipu ya fremu, chuma ndani ya chuma, na nafasi kati yao ni ndogo kuliko unene wa kadi ya ATM. Maji yanaingia hapo. Ya mvua, ya kuosha, hata jasho. Chuma kikikutana na maji na oksijeni kinazaa kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Inafura. Sasa inafuria wapi na nafasi haikuwepo? Inabana pande zote mbili mpaka paipu mbili zinakuwa kama moja. Hiyo ndiyo fundi anaita kushikana. Nyundo haisaidii sana, kwa sababu hubishani na msumari, unabishana na sentimita nane au kumi za kutu iliyojipanga kuzunguka paipu yote.

Dawa ni kuhakikisha maji hayapati mahali pa kukaa. Ukijaza hiyo nafasi na kitu kizito, chenye mafuta, kisichoyeyuka majini na kisichotiririka, kutu haina pa kuanzia. Na hapa ndipo nilishtuka, kwa sababu watu wa Pwani yetu walijua hiyo kitu kabla baiskeli haijazaliwa popote duniani.

Inaitwa deheni. Ukienda Lamu, Mombasa ama Unguja, uliza wazee wa majahazi. Chombo cha mbao kikikaa baharini kinaliwa na wadudu wanaotoboa mbao, na maji yanapenya. Kwa hivyo kila baada ya muda kilivutwa ufukweni maji yakipwa, sehemu ya chini ikakwanguliwa, ikapitishwa moto kidogo wa kuua wadudu, halafu ikapakwa deheni, mchanganyiko wa mafuta ya wanyama na chokaa. Chokaa chenyewe kilitoka kwa matumbawe yaliyochomwa, kile kile kilichojenga nyumba za mawe za Lamu. Sehemu za juu za chombo zilipakwa sifa, mafuta ya ini la papa, ambayo harufu yake ukiisikia mara moja hutaisahau. Neno lenyewe deheni lina asili ya Kiarabu, linatokana na neno la mafuta.

Sasa angalia kemia. Mafuta yakikutana na chokaa yanatengeneza aina ya sabuni. Sio sabuni ya kuogea; ile ina sodiamu na inayeyuka majini, ndio maana inatoa povu. Hii ni sabuni ya kalsiamu, na maji hayaiwezi. Kama umewahi kufua Mombasa kwa maji ya kisima unaijua: sabuni inakataa kutoa povu, na karai linabaki na utando wa kijivu unaonata ambao kuusugua ni vita. Ule utando ni kalsiamu ya mwamba wa matumbawe imekutana na sabuni yako. Unakera kwa karai, lakini kwa chombo cha baharini ni baraka.

Na grisi ni nini? Watu hufikiri ni oili imeganda. Hapana. Grisi ni oili iliyoshikwa na sabuni, jinsi sponji inashika maji. Sabuni ndiyo inafanya ikae pale ulipoipaka. Grisi ya kwanza ya viwandani kusajiliwa Uingereza ilikuwa ya sabuni ya kalsiamu, hati miliki ya 1835 ya jamaa anaitwa Partridge. Chokaa na mafuta! Sisemi aliiba Lamu, msinitafute. Nasema ukiweka deheni na ile grisi ya zamani kando kwa kando, ni ndugu wa tumbo moja, na mmoja wao alizaliwa kwetu. Hakuna mwalimu aliwahi kuniambia hivyo. Nilifundishwa majahazi ni ya kubeba pembe na karafuu tu, kana kwamba yalielea kwa maombi.

Wakati huo Uingereza reli zilikuwa zinazidi kujengwa, na kila ekseli ya behewa ilitaka kulainishwa. Walitumia mafuta ya ng'ombe, na walitumia pia mawese kutoka Afrika Magharibi, yale ya Delta ya Niger, eneo ambalo wao waliliita Mito ya Mafuta. Kwa hivyo treni zilizotajirisha Uingereza zilikuwa zinateleza juu ya mawese ya Mwafrika. Grisi ilishawahi hata kuwasha vita. Mwaka 1857 wanajeshi wa Kihindi kwenye jeshi la Waingereza walipewa bunduki mpya za Enfield, na risasi zake zilifungwa kwa karatasi iliyopakwa grisi, ambayo askari alitakiwa kuirarua na meno. Habari zikaenea kwamba hiyo grisi ni mafuta ya ng'ombe na ya nguruwe. Mhindu hawezi ya kwanza, Mwislamu hawezi ya pili. Uasi ukalipuka Meerut mwezi wa Mei na karibu uwatoe Waingereza India. Sababu zilikuwa nyingi, ni kweli, lakini cheche ilikuwa swali la fundi wangu wa chini ya mti: hii grisi ni ya nini?

Miaka miwili baadaye, 1859, Edwin Drake alichimba mafuta ya petroli pale Titusville, Pennsylvania, na polepole oili ya kutoka ardhini ikachukua nafasi ya mafuta ya wanyama. Na mwaka 1942 Mmarekani Clarence Earle akapata hati miliki za grisi ya lithiamu. Hiyo ndiyo iko kwa karibu kila mkebe unaouziwa Kirinyaga Road leo, ya njano, ya bluu, nyekundu, usidanganywe na rangi, ni mapambo. Lithiamu inavumilia joto kuliko kalsiamu ya zamani, na maji inavumilia vizuri vya kutosha.

Sasa baiskeli.

Baiskeli ya magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa, yenye cheni nyuma, ni kazi ya John Kemp Starley wa Coventry, mwaka 1885. Miaka michache baadaye Frank Bowden akanunua karakana ndogo kwenye mtaa wa Raleigh Street huko Nottingham, na jina la huo mtaa likawa jina la baiskeli ambalo wazee wetu bado hulitaja kwa heshima. Waingereza wakatengeneza ile baiskeli nzito ya kwenda kazini na kuitawanya kote walikotawala. India baada ya uhuru ikaanza kujitengenezea: Atlas walianza 1951, Hero 1956 pale Ludhiana. China nayo ikawa na Phoenix na Flying Pigeon. Muundo ni ule ule wa Mwingereza, umenakiliwa na kunakiliwa tena, na ndio uliofika kwetu ukaitwa Black Mamba.

Hapa ndipo kiini cha maneno yangu. Chukua baiskeli ya zamani ya muundo huu uangalie habu ya gurudumu, pale katikati spoki zinapotokea. Utaona katundu kadogo kana kifuniko ama kibanio cha chuma. Angalia chini krenki inapopita, kuna kengine. Hivyo ni vitundu vya oili. Waingereza waliisanifu hivyo makusudi: kila baada ya muda mwenye baiskeli anadondosha matone machache ya oili, gololi zinalainika, oili chafu inatoka yenyewe na uchafu wake, maisha yanaendelea. Mtu hakuhitaji kufungua kitu. Alihitaji kikopo cha oili chenye mdomo mrefu na dakika tano Jumamosi.

Kwa hivyo babu zetu walipoletewa baiskeli, somo walilopewa lilikuwa hilo. Tafuta tundu, weka oili. Na kwa gololi somo lilikuwa sahihi kabisa!

Lakini kuna sehemu ambazo hazina tundu. Paipu ya siti. Ile shina ya usukani inayoingia shingoni mwa fremu. Nyuzi za pedali zinapoingia kwa krenki. Kota pini, ile pini inayoshikilia krenki kwa ekseli. Hizi hazizunguki, zimekaa tu, na kwa sababu zimekaa hakuna anayezikumbuka. Kiwandani, ama mikononi mwa fundi aliyeifunga mara ya kwanza, zilitakiwa zipakwe grisi siku hiyo, na zipakwe tena kila zinapofunguliwa. Kama huyo fundi alikuwa na haraka, basi tena. Mwenye baiskeli hakuambiwa, na tundu la kumkumbusha halikuwepo.

Weka hiyo habari juu ya Eastlands sasa. Huu upande wa Nairobi ulipangwa kama mahali pa kulaza wafanyakazi. Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920, Shauri Moyo na Kaloleni zikafuata, halafu miaka ya 1950 zikaja Mbotela na zile Ofafa. Mbotela imepewa jina la Tom Mbotela, aliyekuwa kiongozi wa KAU, aliyeuawa Novemba 1952. Watu wengi hukaa huko maisha yao yote na hawajui hilo, mimi mwenyewe nikiwemo mpaka nikiwa Form Three. Kazi zilikuwa ng'ambo ya reli, Industrial Area, na mshahara haukuwa wa kupanda basi kila siku. Baiskeli ilikuwa ndio jibu. Na mpaka leo ukiamka mapema usimame Jogoo Road utawaona: askari wa usiku wanarudi, watu wa viwanda wanaenda, kofia za sufi, koti kubwa, Black Mamba.

Huyu mtu anapata wapi kitu cha kulainisha? Duka la grisi ya baiskeli hakuna. Lakini Grogan Road, ambayo sasa ni Kirinyaga Road, magari yanamwaga oili siku nzima. Oili chafu ilikuwa ya bure ama ya bei ya chai. Na tayari umefundishwa kwamba baiskeli hutaka oili. Unaona vile mambo mawili yamekutana? Kule Busia baiskeli zilikuwa zinavusha watu mpakani tangu miaka ya 1960, ndiko neno boda boda lilizaliwa, na pikipiki zilipojaa nchi nzima kuanzia mwisho wa miaka ya 2000, mafundi wengi wa baiskeli wakahamia huko kwa pesa nzuri. Siwalaumu, watoto lazima waende shule. Ila walioachwa na baiskeli wakabaki na oili chafu nyingi kuliko wakati wowote, na vijana wa kurithi ule ujuzi wa kufungua kitu, kukisafisha, kukipaka na kukirudisha wakawa wachache.

Oili chafu ina shida gani? Kwa cheni, siku mbili tatu inanyamazisha kelele. Lakini ina masizi na unga wa chuma kutoka kwa injini, na pia asidi zilizotokana na moto. Vumbi la Kayole likiishika inakuwa msasa. Na ukiipaka kwa paipu ya siti, ni nyepesi, inateremka mpaka chini ya fremu na kukuachia chuma kikiwa uchi. Baada ya msimu mmoja wa mvua ndefu kutu imeanza kazi.

Nimeona pia watu wakipaka mafuta ya kupikia. Tafadhali. Unaijua ile gundi ya njano inayoganda nje ya karai la mandazi, ambayo hata chuma ya kusugulia inakataa? Hayo ni mafuta ya mimea yakikutana na hewa kwa muda mrefu. Ukipaka kwa siti unajiwekea gundi. Mafuta ya kujipaka ya petroli ni afadhali, hayagandi hivyo, lakini ni laini na jua la saa saba linayayeyusha. Kama ni hayo tu uko nayo, kuliko kuacha kavu, paka.

Kitu kinanipa wasiwasi zaidi ni hizi baike za ex-UK. Siku hizi kijana wa Umoja ama Donholm hanunui Black Mamba, ananunua maunten baike iliyotumika Uingereza. Nzuri, nyepesi, gia ishirini na moja. Sasa nyingi zina fremu ya alumini na paipu ya siti ya chuma, ama kinyume chake. Metali mbili tofauti zikigusana na maji yenye chumvi kidogo katikati, hata jasho tu, zinakuwa betri ndogo. Umeme mdogo unapita, na alumini ndiyo inaliwa. Inatoa unga mweupe unaofura kama kutu na unabana vibaya kuliko kutu. Nyingi zimekaa kwa nyua za kule kwenye mvua miaka mingi kabla hazijapanda meli. Kwa hivyo ukinunua leo, hata kama inaonekana safi, kitu cha kwanza kabla ya kununua stika na taa za disko: legeza siti, ivute nje yote, uone. Ikikataa ukiwa bado kwa muuzaji, punguza bei ama tembea.

Na kosa lingine ambalo si kukwama kabisa lakini limeua krenki nyingi. Pedali ya kushoto hufunguka kinyume. Nyuzi zake zimekatwa upande wa pili, ili mguu wako usiifungue ukiendesha. Wale ndugu Wright, wa ndege, walikuwa mafundi wa baiskeli kwanza, na mwaka 1900 walikuwa wanatangaza pedali zao kwamba haziwezi kujifungua. Sasa fundi mgeni anakuja, anazungusha ya kushoto kama nati ya kawaida, inazidi kukaza, anasema imeshika kutu, analeta paipu ndefu ya kuongeza nguvu, krenki kwisha. Ya kushoto fungua kwa kuelekea nyuma ya baike, hivyo tu kumbuka.

Basi turudi kwa korido.

Fundi wa chini ya mti alikubali kazi kwa sharti moja, nisimharakishe. Tulipindua baiskeli magurudumu juu. Ili afikie ndani ya paipu ya siti alitaka kutoa krenki, na kutoa krenki ni kutoa kota pini, nazo pia zilikuwa zimekwama. Ya kulia ilitoka. Ya kushoto ilipinda kichwa ikabidi aitoboe na drili. Hiyo peke yake ilikula asubuhi nzima. Halafu akamimina mafuta taa yaliyochanganywa na dizeli kupitia pale chini ili yateremke mpaka kwa kutu, akaziba, akaniambia nirudi kesho. Kesho akaongeza. Kesho kutwa akaongeza. Moto hakukaribia, na mimi nawaambia pia, mkimimina vitu kama hivi sigara na gesi zikae mbali.

Siku ya tano alishika paipu ya siti na spana kubwa ya paipu, na hakuvuta, alizungusha. Kidogo kulia, kidogo kushoto. Siku zote kutu huvunjwa kwa kuzungusha, ukivuta unapigana nayo yote kwa pamoja. Dakika kama kumi hakuna kitu. Halafu ikatoa sauti kama mlango wa kanisa la zamani, na ikasonga upana wa ukucha. Nilipiga kelele mpaka watoto wakaja.

(Kama yako ni paipu ya alumini ndani ya fremu ya chuma, moto utaifanya ibane zaidi, kwa sababu alumini hutanuka kuliko chuma. Hapo jaribu kinyume, barafu.)

Alipofungua shingo ya usukani tulipata gololi zimelala kwenye grisi ya kahawia, bado laini, baada ya hiyo miaka yote. Habu pia zilikuwa safi. Kwa hivyo guka alijua grisi. Alikuwa anafungua, anaosha, anapaka, kila kitu kinachozunguka. Paipu ya siti pekee ilikuwa kavu. Fundi alicheka akasema ni kawaida, mtu akishapata urefu wake hana haja ya kuigusa tena. Guka alikaa kwa urefu ule ule miaka yote hiyo, ndio maana ikamkwamia. Ama ikatukwamia sisi.

Kuirudisha ilichukua muda mfupi kuliko kuandika hii aya. Msasa ndani na nje mpaka kutu iishe, kitambaa kikavu, halafu grisi ya kawaida ya beringi za magari, ile imeandikwa namba 2 kwa mkebe, ikapakwa paipu yote nyembamba na ndani ya mdomo wa fremu. Kama unakaa karibu na bahari ama baike inalala nje kwa balcony, tafuta ile ya kalsiamu wanayouzia watu wa boti, hiyo maji haiwezi kuitoa. Kwa nyuzi za pedali kuna grisi yenye unga wa shaba, lakini ile ya kawaida inatosha. Kwa breki na rimu usikaribie nayo. Na kama una pesa ya fremu ya kaboni, kwanza hongera, pili usipake grisi kwa siti, ina dawa yake tofauti. Mkebe mdogo utakaa miaka kwa baiskeli moja. Mimi nimejiwekea kufungua siti, usukani na pedali mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua ya Machi na kabla ya ile ya Oktoba.

Kabla ya kuiteremsha, shosho alitoka na kiti chake akakaa pale nje akitazama. Nilipotaka kusukuma siti chini akasema ngoja. Akamwomba fundi achore mstari kwa paipu na faili, pale pale siti ilipokuwa. Fundi akachora, akapaka grisi juu ya mkwaruzo ili usishike kutu, akanipa baiskeli.

Jumapili asubuhi niliipeleka mpaka Muthurwa na kurudi. Ni nzito kuliko nilivyofikiri, breki zake zinataka imani, na kota pini mpya ya kushoto imeanza kulegea kwa hivyo kesho narudi chini ya mti. Mstari wa guka sasa uko ndani ya fremu, chini karibu upana wa kiganja.